Sindano Ndani ya Termosi ya Chai

Bwana asifiwe, ndugu zangu. Asifiwe na wenye nguvu, na asifiwe pia na sisi tunaosimama mbele yenu magoti yakitetemeka. Mimi ni Mama Kasereka wa Ndosho, yule mliyemjua akiwa mnene, kisha mkamwona anakonda na kukonda mpaka mkaanza kunong'ona. Niliwasikia. Sina kinyongo na mtu. Nimekuja niwaeleze mwenyewe, muache kubahatisha.

Nianze na neno ambalo sisi watu wa sala hatupendi kulisema. Mimi ni mwoga. Leo asubuhi tu upepo ulibamiza mlango wa jirani, na nilikuwa nimeshashika viatu mkononi kabla sijajua nimeamka. Najua siko peke yangu. Nyumba gani hapa Goma haina mzigo uliofungwa tayari karibu na mlango? Basi ushuhuda wangu ni wa mzigo huo, na wa sindano, na wa woga ambao nusura uniue nikiwa naukimbia.

Tulikuwa tunakaa Sake. Mimi nilikuwa nauza maharagwe. Nyumbani tulikuwa na mume wangu, Papa Kasereka, na binti yetu Kavira, pamoja na mama mkwe wangu ambaye sisi sote tunamwita Tate, yaani bibi. Siku mabomu yalipoanza kuanguka karibu, tulishika barabara ya Goma kwa miguu kama watu wote. Mwenye miguu alikimbia. Mimi nilikuwa na mwili mkubwa na magoti mabovu, nikitembea kidogo nakaa. Tate na uzee wake alikuwa ananipita, kisha anarudi kunisubiri. Niliwaambia waende, Mungu atanilinda. Mume wangu akakaa karibu nami juu ya jiwe la volkano, akainama akajifanya anafunga kamba za viatu. Ndugu zangu, viatu vyake havikuwa na kamba. Kavira alikuwa amesimama mbele na godoro kichwani, anaangalia nyuma yetu, kule moshi ulikotoka, na mimi nikaangalia uso wake. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba mwanangu anaweza kufa kwa sababu ya uzito wangu.

Hatukufa. Mungu alitufikisha Mugunga, na baadaye tukapata nyumba Ndosho. Lakini uso ule ulibaki kwangu. Nikipika nauona, nikiomba nauona.

Kwenye dispansari, daktari alinipima akakuta tension, yaani presha ya damu, iko juu na magoti yameumia. Aliniambia kuna sindano ya kupunguza mwili, ya kila juma, mradi nipimwe na nifuate maelekezo yake. Dada yangu Masika, ambaye mimi namwita yaya kwa sababu ni mkubwa wangu, yuko Ulaya. Alisema atanitumia. Zilikuja na wasafiri kupitia Gisenyi, ng'ambo ya mpaka, na jirani mwenye frigo akanihifadhia kwenye baridi.

Na kweli zilisaidia! Sitasimama hapa niseme uongo juu ya dawa. Mwili ulipungua, tension ikashuka, magoti yakanyamaza. Kila Jumamosi nilikuwa najipima. Siyo kwenye mizani, hapana. Nilikuwa nachukua ule mzigo wa mlangoni, naufunga kamba, kamba naiweka kwenye paji la uso, mzigo unalala mgongoni, kama mama zetu wa Butembo wanavyobeba tangu zamani. Kisha natembea mpaka Lac Vert, lile ziwa dogo, na kurudi. Ndani kulikuwa na sufuria, unga, chumvi, blanketi ya Tate na dawa zake za kifua, nguo kidogo na karatasi zetu. Siku ya kwanza niliyofika Lac Vert bila kukaa chini, nililia barabarani, na wenye pikipiki wakanipigia honi nitoke njiani.

Ningeishia hapo ungekuwa ushuhuda mzuri na mfupi, na sasa mngekuwa mnaimba. Lakini woga haushibi, ndugu zangu. Nilifikiri nikiweza kukimbia utaondoka. Ukaniambia: na ukirudia kunenepa je? Basi nikaendelea na sindano. Chakula kikaanza kunichukiza. Bugali nakula matonge mawili, la tatu linagoma kooni. Sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani niliowapenda tangu utoto, harufu yao tu inanitoa nje kwenda kutapika. Daktari aliniita nirudi kupimwa na mimi sikwenda, kwa sababu niliogopa ataniambia basi.

Na hapo kila mtu akawa na la kusema. Yaya Masika kwenye simu alitaka niendelee mpaka nifikie kilo alizozifikia yeye kule. Tate alisema watu wa sokoni wanamuuliza kama nyumbani kwetu hakuna chakula, au kama nina ule ugonjwa ambao hawautaji jina. Mama Furaha wa kikundi chetu cha sala, naye yuko hapa leo na ameniruhusu nimtaje, alinishika mkono baada ya maombi akaniambia mtu wa Mungu hapigake sindano ya kukonda, niache leo leo kwa imani. Mmoja ananivuta huku, mwingine kule, na mimi katikati nilikuwa naogopa tu. Hata sala yangu ilikuwa ya kuogopa. Nilikuwa namwomba Mungu asinirudishie mwili, kama vile mwili ndio Shetani.

Sasa sikieni jambo nililolifanya bila kuliona. Nguvu zilianza kunitoka. Jumamosi moja mzigo ulinilemea, nikatoa unga. Nikajiambia unga unapatikana popote. Jumamosi nyingine nikatoa sufuria. Baadaye blanketi, kwa sababu ni kubwa na inabana kamba. Zile dawa za Tate zilikuwa zimeviringishwa ndani ya blanketi, zikatoka nayo. Kila mara nilifika Lac Vert na kurudi, na kila mara nilimshukuru Mungu kwamba nina nguvu. Nafasi ya sufuria nikaweka termosi yetu ya chai, na ndani yake maji ya barafu kutoka kwa jirani na sindano zangu, nikiyabadilisha maji kila asubuhi. Niliona ni akili. Tukikimbia, dawa yangu isiharibike.

Ikafika siku ile. Ilikuwa mchana, mvua inaanza. Tulisikia milipuko upande wa Mugunga, na dakika ile ile barabara ikajaa watu. Nyumbani tulikuwa tumekubaliana tangu zamani: kila mtu akimbie kutoka alipo, tukutane kwenye uwanja wa kanisa la chini, na mimi nilete mzigo. Nikaweka kamba kwenye paji la uso nikatoka. Ndugu zangu, nilikimbia! Nilipita vijana. Nilipita wanawake niliowazidi umri. Nilifika pale uwanjani wa kwanza kabisa kwa familia yetu, na moyoni nilisikia furaha ambayo hata sasa naiogopa. Nilisema, leo hakuna atakayekufa kwa ajili yangu.

Baadaye akafika Kavira akimshika Tate mkono, na mume wangu nyuma yao. Mvua ilikuwa imempata Tate njia nzima. Alikuwa anatetemeka, meno yanagongana, kile kifua chake kinapiga kelele. Hakuna kibanda kilichokuwa na nafasi. Kavira akafungua mzigo haraka amtolee blanketi. Akapekua. Akatoa kitenge kimoja. Akatoa karatasi. Akaniangalia. Tate yeye aliiona termosi, akaivuta kwa mikono miwili, akaikumbatia kifuani, akafungua kifuniko akiwa anatabasamu. Alitia vidole ndani apate joto la chai. Akakuta barafu na sindano.

Hakukasirika. Aliifunga vizuri, akanirudishia, akasema kwa sauti ya chini:

“Mama Kasereka, weye njo umefika wa kwanza. Sasa umetuletea nini?”

Tulikaa pale na mvua yetu. Nilimfunika Tate na kile kitenge, nikamkumbatia nimpe joto, nikasikia kwamba sina joto la kumpa. Mimi mwenyewe nilikuwa mifupa yenye baridi. Zamani, nikiwa mnene, Kavira alikuwa analala amejibana kwangu wakati wa baridi. Nilitamani mwili ule kwa saa hiyo moja, niuweke kwake.

Milipuko ilinyamaza, jioni tukarudi nyumbani. Lakini Tate alilala na homa, kifua kikafunga, na mimi nikakaa karibu naye nikihesabu pumzi zake. Niliogopa vibaya, ndugu zangu. Ni pale, nikimlisha uji, nilipomwambia Mungu ukweli kwa mara ya kwanza. Sikumwomba tena kilo. Nilimwambia: Baba, nilitaka niwe mwepesi ili nisiwaue watu wangu, na sasa ninawaua kwa wepesi. Nionyeshe pa kusimama.

Sikusikia sauti. Sikuona nuru. Tate alipopata nafuu, nilipata tu nguvu ya kwenda dispansari ambayo nilikuwa nimeikimbia.

Daktari alinipima, hakunigombeza. Aliniuliza swali moja tu: “Mama, unaogopa nini?” Nikamweleza yote, kutoka lile jiwe la barabarani mpaka termosi. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema:

“Dawa ilikuja kwa ajili ya magoti na tension, na hiyo imesaidia. Dawa ya vita, mimi sina.”

Alinieleza kwamba tunaweza kupunguza kidogo kidogo, tukipima, mpaka niache. Alisema wazi kwamba mwili unaweza kurudi kiasi, na kwamba kama tension itapanda tutazungumza tena bila haya. Akasema uamuzi wa lini ni wangu na wake, siyo wa soko, siyo wa simu, na siyo wa kikundi cha sala. Mama Furaha, unisamehe, alisema hivyo.

Basi nikaamua siku yangu. Siku nitakayobeba mzigo mzima mpaka Lac Vert, na sufuria ndani, na unga, na blanketi, kisha nikae kule nile chakula kikae tumboni, siku hiyo nitajua nina mwili wa kunitosha, na nitamwambia daktari tumalize. Nilianza tena na blanketi peke yake. Kadiri dawa ilivyopungua, tonge la tatu likapita, na la nne. Baadaye nikarudisha unga. Yaya Masika aliposikia alikasirika sana. Alinipigia, nikaweka simu mbali na sikio, na bado nilimsikia:

“Utarudia vile ulikuwa! Na siku ya kukimbia, nani atakubeba?”

Alinipiga palepale kwenye kidonda. Nilikata simu nikalia, kwa sababu huenda yaya ana haki. Huenda siku ikija nitakuwa mzito tena. Mama Furaha naye alikuwa bado ananiuliza kila Jumapili kwa nini naacha polepole kama mtu asiye na imani. Nilimjibu kwamba imani yangu ni ndogo na inatembea kwa miguu, anisubiri.

Jumamosi ile ilifika. Kamba kwenye paji la uso, sufuria inagonga mgongoni kila hatua. Nilisimama mara nyingi. Nilikaa chini pia, siwafichi. Nilifika Lac Vert jasho limenilowesha, nikakaa juu ya jiwe, nikatoa viazi vitamu na maharagwe niliyobeba, nikala vyote. Nilisubiri kutapika. Nikasubiri. Hakuna kilichorudi. Nilibaki pale nikiangalia watu wanapita barabarani, kila mmoja na mzigo wake, na nikaona kwamba woga umekaa karibu nami kwenye jiwe lile, haujaondoka, lakini haukuwa umeshika kamba tena. Kamba niliishika mimi.

Juma lililofuata tulimaliza dawa na daktari. Bado naenda kupimwa. Kilo kadhaa zimerudi, mnaziona, msijifanye hamzioni. Tension bado iko sawa, kwa neema. Tate yuko mzima, amekaa pale mbele, na amenikataza kusema umri wake. Yaya Masika ameanza tena kunipigia, sasa ananiuliza habari za Tate kabla ya kuniuliza kilo. Na wewe ambaye unatumia dawa yoyote, usiiache kwa sababu umenisikia mimi, wala usiendelee kwa sababu ya macho ya watu. Nenda kwa daktari wako na ukweli wako, na Mungu aende nawe.

Ndugu zangu, namshukuru Mungu. Hakuniondolea vita, na woga pia hajauondoa wote. Aliniondolea ule uongo kwamba mtu anaokoka kwa kuwa mwepesi. Nawaalika mumtegemee, hata mkiwa mnatetemeka, maana mimi namtegemea nikitetemeka hivi hivi.

Na kama milipuko itarudi, Mungu apishe mbali, sitafika wa kwanza. Mtanitangulia wengi. Mkifika kwenye uwanja ule, msinililie, nisubirini tu. Nitakuja nyuma yenu polepole na sufuria, na unga, na blanketi ya Tate. Na ile termosi, ndugu zangu, niliijaza leo asubuhi kabla ya kuja hapa. Ni chai.