Maman Aïcha: Pamba Masikioni, Karanga Mkononi

Jumatano tarehe 2 Julai 2025, siku ya kutangaza matokeo, Madame Aïcha Lukumani atafuta ubao wa shule yetu kwa mara ya mwisho. Atakuwa ametimiza miaka thelathini na minne akifundisha Kiingereza hapa hapa, katika komini ya Kisangani, bila kuhama shule na bila kuhama chumba. Kiti cha mwalimu ndani ya chumba hicho bado ni kizima kabisa, kwa sababu hakuwahi kukikalia.

Wanafunzi wanamwita Madame. Sisi wengine, kuanzia prefe, yaani mkuu wa shule, hadi mlinzi wa getini, tunamwita Maman Aïcha, na yeye anaitika kwa namna ileile kwa wote. Alizaliwa Kisangani, katika moja ya zile familia za Kiislamu ambazo babu zao waliletwa huku na biashara na hawakuona sababu ya kuondoka. Baba yake alikuwa seremala. Binti alipomaliza chuo cha ualimu cha hapa mjini mwaka 1991, jamaa walimuuliza Kiingereza kitamsaidia nini mtu wa Boyoma, yaani Kisangani yetu hii, mwenye Kiswahili nyumbani, Kilingala sokoni na Kifaransa ofisini. Aliwajibu kwamba atawaambia akishajua. Nadhani jamaa bado wanasubiri.

Miaka yake ya mwanzo ilikuwa ya kawaida, na yeye mwenyewe anasema hivyo bila aibu. Alifundisha tulivyofundishwa sote: mwalimu anasema, darasa linarudia kwa pamoja, kwa sauti ya kupasua bati. Anayepita barabarani anasikia, anatikisa kichwa, anasema pale watoto wanasoma. Vijana wa toleka waliompakia kwenye baiskeli zao kila asubuhi walijifunza salamu kwa kusikiliza tu dirishani. Mmoja wao hadi leo humtakia Maman Aïcha asubuhi njema kwa Kiingereza fasaha, hata jua likiwa limeshazama.

Kisha ikaja malaria ya mwaka 2008. Ilikuwa malaria ya kulazwa, na Maman Aïcha akatundikiwa dripu ya kinini. Yeyote aliyewahi kutundikiwa kinini anajua kinachofuata: unapona homa, lakini masikio yanabaki yanavuma na husikii kitu. Daktari alimwambia apumzike nyumbani. Alipumzika kwa kadiri anavyoweza kupumzika, yaani hakupumzika, akarudi darasani akiwa kiziwi wa muda.

Akasimama mbele ya darasa la pili la sekondari, akawapa ishara waanze kurudia sentensi za wiki iliyopita. Waliimba kwa nguvu zao zote, na yeye hakusikia neno. Kwa kuwa hakuwa na sauti ya kusikiliza, akabaki anatazama midomo. Ndipo akaona jambo ambalo sisi sote, wenye masikio mazima, hatukuwahi kuliona. Midomo ya watoto wengine ilikuwa inachelewa. Wachache walianza, wengi walifuata, na wengine, si haba, walikuwa wanafungua kinywa baada ya kumwangalia jirani. Kwaya nzima ilibebwa na mabega ya watu wachache, na kwa miaka mingi tulikuwa tukiipa maksi kwaya.

Masikio yalipona baada ya majuma machache. Maman Aïcha hakurudi tena alikotoka. Kila Septemba, juma la kwanza la masomo, alijiziba masikio kwa pamba, akawaacha watoto warudie, akatazama. Wanafunzi wapya waliamini Madame ana ugonjwa, na wale wa zamani waliwaacha waamini hivyo. Mwaka mmoja mkaguzi wa wizara aliingia bila kubisha hodi, suti na mkoba, akasalimia, akasalimia tena. Maman Aïcha aliona mdomo wa mtu mzima unachezacheza, akaweka kidole midomoni, akamwonyesha benchi la nyuma. Mkaguzi alikwenda akaketi na kunyamaza kama mwanafunzi mwema. Pamba ilipotoka alipewa heshima zake zote, na chai, na maelezo marefu. Nasikia siku hizi anawasimulia walimu wengine kisa hicho kama chake.

Mdomo uliochelewa kuliko yote mwaka ule wa 2008 ulikuwa wa Djuma Assumani. Alikuwa kijana mrefu kutoka Basoko, mji wa mtoni, na sauti yake ilikuwa ya kwanza kusifiwa kwa ukubwa. Alikuwa anarudia darasa kwa mara ya pili, na kilichomwangusha kila mwaka kilikuwa Kiingereza. Aliishi kwa mjomba wake, Tonton Yunus, fundi cherehani, mtu mpole aliyekuwa amechoka. Tonton alikuja shuleni akatuambia waziwazi: "Bon, huyu mutoto anakula vizuri, anaheshimu watu, mais masomo hapana. Akianguka tena, alors anapanda bateau, anarudia kwa baba yake ku Basoko. Mutu hawezi kuzeeka ku banc ya shule." Hakuna aliyeweza kumlaumu. Lakini sote tulijua mtoto akishapanda ile mashua, shule imekwisha.

Maman Aïcha alimwomba Tonton ampe mwaka huo mmoja tu, kisha akaanza kazi. Kwanza hakumwita Djuma mbele ya wenzake. Hakuwahi kumwita mtoto yeyote mbele ya wenzake. Alimtuma kubeba viti, na viti vilipobebwa akazungumza naye, kwa Kilingala, kuhusu mengine yote isipokuwa Kiingereza. Hiyo ndiyo njia yake hadi leo, na ndiyo maana viti vya shule yetu vinahama kila Septemba bila sababu ya kueleweka. Kwa mazungumzo hayo amegundua watoto wasioona ubao, watoto wasiosikia sikio moja, na watoto waliokuwa na njaa tu. Neno mvivu halijatoka kinywani mwake. Mtu akilitamka katika chumba cha walimu, Maman Aïcha humuuliza huyo mtoto analala wapi, na mwenye neno hujikuta hajui.

Kwa Djuma aligundua kwamba Kiingereza hakikuwa na kosa. Sisi tulikuwa tukikieleza kwa Kifaransa, na Kifaransa chenyewe Djuma alikishika kwa ncha za vidole. Alikulia mtoni, kati ya nyavu na vikapu vya samaki wa kukausha, na mambo yote aliyoyajua aliyajua kwa Kilingala. Kwa hiyo Maman Aïcha aliweka Kifaransa pembeni, akawaita Djuma na wenzake wachache barazani kila asubuhi kabla ya kengele. Masharti yalikuwa mawili. Kila mmoja alete kitu cha nyumbani kwao na akieleze kwa Kiingereza: ufagio, kamba, mchi wa kupondea ndizi za lituma. Na hakuna kusema kwa pamoja. Anasema mmoja, wengine wanangoja.

Kungoja ndiko kulikuwa kugumu. Mtoto akisimama kimya, sisi walimu tunawashwa ulimi, tunammalizia sentensi, kisha tunajipongeza. Maman Aïcha alijitafutia dawa. Alikuja na karanga zenye maganda ndani ya kitambaa, na mtoto akianza kutafuta maneno, yeye akaanza kumenya, taratibu, macho kwenye karanga. Kwa namna hiyo hakumkodolea mtoto macho wala hakupata nafasi ya kumdakia. Sentensi ikikamilika, hata ikiwa imechechemea, karanga ni za msemaji. Djuma alikula karanga nyingi sana mwaka ule, maana alichukua muda mrefu, na kila aliposhiba alikuwa amesema jambo jipya kuhusu samaki.

Mwezi wa sita ukafika, na mtihani wa mdomo ukafanyika mbele ya walimu tukiwa tumejipanga. Mimi nilikuwapo, nafundisha jiografia, nilikuwa nimetakiwa kujaza kiti. Djuma akaitwa. Akaambiwa aeleze safari yoyote anayoijua. Akasimama. Alinyamaza mpaka mwenyekiti wa mtihani akakohoa, kisha akashika kalamu ili aite jina linalofuata. Tonton Yunus alikuwa nje, dirishani, kofia mkononi.

Maman Aïcha akafungua mkoba, akatoa kitambaa chake, akaanza kumenya karanga. Ndani ya chumba cha mtihani, mbele ya prefe. Hakuna aliyejua kama sheria inakataza, kwa sababu hakuna aliyekuwa amefikiria kuandika sheria hiyo. Kalamu ya mwenyekiti ikabaki hewani. Kilichosikika kilikuwa maganda tu.

Djuma akaanza. Alieleza safari ya kutoka Basoko kuja Kisangani: mashua inavyopakiwa, vikapu vizito vikae wapi, mvua ikija nani anafunika nini, na kwa nini usimwamini nahodha anayejisifu. Makosa yalikuwapo, yalitosha kugawana. Lakini hakumtazama mtu mdomoni, na hakukuwa na jirani wa kumfuata. Ilibidi tumwombe anyamaze, maana alikuwa bado hajafika Kisangani. Alipanda darasa. Nililia kidogo, na sioni haya kuandika hivyo katika programu ya sherehe.

Tonton Yunus alishukuru kwa kazi anayoijua. Alimshonea Maman Aïcha libaya, yaani blauzi, la kitenge cha kijani, akamkadiria mwili kwa macho kwa kuwa aliona haya kumpima mwalimu. Likatoka pana kiasi cha kuvaliwa na Maman Aïcha wawili. Amelivaa kila siku ya matokeo tangu hapo, na leo mtamwona nalo.

Mengine yanajulikana. Baraza la asubuhi halijafungwa hata mwaka mmoja. Kutoka pale wametoka wauguzi, wafanyabiashara, mwanasheria mmoja anayeongea kupita kiasi, na Adèle, mwalimu wetu mpya wa Kiingereza, ambaye hakuwahi kuchelewa mdomo ila alipenda karanga. Yeye ndiye atakayeendeleza baraza. Ameshakabidhiwa kitambaa, na ameonywa asile zote kabla watoto hawajasema.

Maman Aïcha, sasa naacha kukusimulia kwa watu na kukugeukia wewe. Asante kwa kututazama midomo badala ya kutusikiliza makelele. Tunakuombea siku ndefu zenye usingizi wa asubuhi, wajukuu wenye maswali, na masikio yasiyohitaji kinini tena. Uishi vizuri, Maman, na upite kutusalimia.

Limebaki jambo moja. Baada ya hotuba, shule nzima itakuimbia kwa Kiingereza, walimu tukiwamo. Tunajua huamini kwaya. Tunajua pia utaona nani kati yetu anachelewa, na mimi ni mmoja wao, kwa hiyo tunakuomba utazame pembeni. Wimbo utaanzishwa na mtu mmoja peke yake, na sisi sote tutamfuata yeye. Ametoka Basoko jana na mashua anayoiongoza mwenyewe, amekuja na mke wake na vikapu vya samaki kwa ajili ya karamu. Ana sauti ileile kubwa, lakini amekwisha kutuonya kwamba akikuona umevaa libaya la mjomba wake, huenda maneno yakakawia.

Tumekuwekea karanga mezani, Maman. Yakikawia, wewe menya tu.

Benoît, mwalimu wa jiografia, kwa niaba ya walimu wote