Wiki ya Tatu ya Kupiga Magoti

Mshona mapazia alijifanya anatazama nje ya dirisha la basi, lakini masikio yake yalikuwa kwenye kiti cha mbele yake. Pale karani mstaafu alikuwa akimsimulia muuguzi asiyemjua habari za mchezo anaojifunza baharini: kusimama juu ya ubao majini, mkononi umeshika bawa la kitambaa linalovutwa na upepo. Bawa lenyewe, alivyolikadiria mshonaji huyo, lingetoa mapazia ya sebule mbili.

"Wiki ya tatu napiga magoti tu. Nikisimama, naanguka."

"Unatazama wapi?"

"Miguu. Nisipoitazama mimi, nani ataitazama?"

"Mzee wangu, utavunjika nyonga! Mkeo anasemaje?"

"Hasemi tena, mwanangu. Nyumba ilizidi ukimya, nikaufuata upepo."

Basi likasimama. Mzee akainuka, macho miguuni.

"Tazama mbele, baba," akasema mshona mapazia, ambaye hakuna aliyemuuliza.