Kinyozi Aliyesema "Tuseme"

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimwita Tuseme mpaka jina alilopewa na wazazi likasahaulika hata na wazazi wenyewe, alizaliwa tarehe 9 Machi 1951, mtoto wa tatu wa mpiga chapa na mshona nguo. Mama yake alikuwa akisimulia kwamba alichelewa kuongea, na alipoanza, nyumba nzima ilijuta.

Alisoma shule iliyokuwa nyuma ya kiwanda cha sabuni, akafika kidato cha pili. Huko ndiko alikoliokota jina. Mwalimu wa hesabu alisema, "Tuseme x ni tano." Marehemu akanyoosha mkono: "Na tukisema siyo, mwalimu?" Alitolewa nje ya darasa, lakini lile neno alitoka nalo, na tangu hapo hakuanza hoja bila hilo.

Mwaka 1972 alifungua kibanda cha kinyozi chenye viti viwili na kioo kilichopasuka pembeni. Mkono wake ulikuwa mwepesi. Shida ilikuwa mdomo. Akifika kwenye jambo zito, mashine ilibaki hewani. "Tuseme Mungu anajua yote. Mbona kila siku tunamsimulia shida zetu kama mgeni?" Dereva mmoja wa lori alichoka kungoja jibu, akaondoka na ndevu za upande mmoja. Kiongozi wetu wa dini, ambaye yupo hapa na atatusamehe, alikubali hoja nyingi wembe ukiwa shingoni, akazikana zote akiwa mimbarini. Hata hivyo walipendana sana, na marehemu hakukosa ibada. Alikaa safu ya mbele ili asikie makosa vizuri. Kuhusu maisha ya siku hizi alikuwa na swali moja: "Tuseme simu ni mtumishi. Mbona akilia, bosi ndiye anayekimbia?"

Alifunga ndoa tarehe 2 Septemba 1978 na muuguzi, mwanamke wa maneno machache. Posa yenyewe ilikuwa hivi: "Tuseme tumeoana, tungekaa wapi?" Naye akajibu, "Tuseme popote, ila siyo kwa mama yako." Siku ya harusi, alipoulizwa kama anamkubali bibi harusi, marehemu alisema, "Tuseme ndiyo." Watu wakacheka. Bibi harusi hakucheka. Shughuli ilisimama mpaka baba mkwe alipokohoa, ndipo ile ndiyo ikatoka peke yake.

Kuanzia siku hiyo mama, yule bibi harusi, alikuwa na dai moja tu: asikie tena sentensi nzima isiyo na lile neno. "Unanipenda?" aliwahi kumwuliza mezani. "Tuseme sikupendi. Sasa mboga hizi ningezila kwa nini?" Mama akainua sahani, akarudi nayo jikoni. Tusifiche, jambo hili lilimuuma. Yeye ni mtu wa imani, na alitaka kujua kama baada ya hapa watakutana. Kila alipouliza, alirudishiwa swali.

Mwaka juzi moyo wa marehemu ulianza kuchoka. Daktari alipomwambia apunguze kuongea, familia ilimwomba daktari arudie kwa sauti. Wiki ya mwisho, mama alikuwa akimnyoa ndevu kitandani, kwa wembe wa marehemu mwenyewe. Akamwuliza, "Mzee, tutaonana?"

Marehemu akafungua mdomo. Mama akausimamisha wembe hewani, kama wateja wote walivyofanyiwa.

"Usianze na lile neno lako."

Povu likaanza kukauka shavuni. Kisha akasema, "Nitakusubiri."

Mama akamalizia upande wa pili. Marehemu alifariki asubuhi ya tarehe 14 Juni mwaka huu, kidevu kikiwa safi.

Ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu saba, dada yake mkubwa ambaye bado anabishana naye, na wateja wengi wenye maswali. Watoto, kwa kumuenzi, walikuwa wameandika hapa mwisho: "Tuseme baba ametutangulia." Mjane aliomba kalamu, akalikata neno la kwanza.

Baba ametutangulia. Anamsubiri mama. Apumzike kwa amani.