Buibui wa Zedekiah Katika Chupa ya Spiriti

Mchungaji, wifi Wamucii, majirani wa mtaa huu wa Satellite na nyote mliotoka mbali, mimi ni Nasimiyu, dada mdogo wa marehemu, familia imenituma nisome maisha yake kama binti yake Lornah alivyoniandikia, na leo, Jumamosi tarehe 20 Oktoba 2007, bado siamini kwamba ninamsomea Zedekiah.

Zedekiah Obuya alizaliwa Kimilili tarehe 14 Machi 1951, akasoma shule ya msingi hapo hapo hadi mwaka 1966, akaja Nairobi mwaka 1970, na tarehe 3 Januari 1972 akaajiriwa kama mfagiaji katika maabara moja ya wadudu katikati ya jiji, lakini kaka yangu hakuwa mtu wa kufagia na kwenda zake, alichungulia, akauliza, akakosoa, mpaka wakachoka naye wakampa meza na hadubini, na kufikia mwaka 1985 wenye digrii zao walikuwa wakimletea buibui awaambie ni wa aina gani.

Alifunga ndoa na Janice Wamucii tarehe 8 Desemba 1979, wakaishi Woodley, wakahamia hapa Satellite mwaka 1991, wakajaliwa watoto wawili, Lornah na Kuria, na wifi, usikasirike, sote tunajua ulimkataza kuleta wadudu nyumbani, na sote tunajua hakusikia.

Mwaka 2004 alikuta katika kabati la maabara chupa yenye buibui jike mmoja, aliyekaa kwenye spiriti tangu mwaka 1977, na ndani yake kikaratasi cha penseli kikisema ametoka msitu wa Ngong na hajulikani. Alimchunguza miaka mitatu, akapima kila mguu, akachora mpangilio wa macho yote manane, akachora pia, Mchungaji anisamehe, sehemu za uzazi, kwa maana huko ndiko buibui hutofautishwa, rangi hudanganya, akarudi Ngong mara kumi na moja asipate mwingine, mpaka akaapa kwamba huyo hajawahi kuandikwa popote duniani, na jina angempa la Wamucii. Lakini kazi hiyo ina sheria yake, jina halisimami mpaka buibui mwenyewe awekwe mahali ambapo mtaalamu yeyote anaweza kumkagua, na wa kumpokea alikuwa mwenzake wa kazi, Bwana Muli.

Kuugua hakuugua. Jumanne tarehe 9 Oktoba alikunywa chai vikombe viwili, akanipigia simu kunitania kwamba ninazeeka kumshinda, akaenda mjini kutuma maandishi yake, saa nne akaanguka kwenye ngazi za posta, na kabla ya saa sita alikuwa ametutoka. Jamani! Mtu mzima na afya yake!

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliompigania, majirani mlioleta viti na sufuria, na wenzake wa kazi, hasa Bwana Muli, aliyekuja leo na kisanduku chenye pamba ili abebe ile chupa, ambayo Zedekiah alikuwa ameileta nyumbani amalizie mchoro wa mwisho. Hapa ndipo maandishi ya Lornah yanapoishia, yanayofuata ni yangu.

Bwana Muli, uliponiuliza juzi nilisema sijaiona ila itapatikana, na nilikudanganya. Jumatano ile waombolezaji walijaa, vyombo havikutosha, nikaikuta kwenye kabati la vikombe, ina maji ya manjano na mdudu mfu, nikasema, ala, buibui wameingia mpaka kwenye chupa, nikamwaga yote kwenye sinki, nikaisugua kwa sabuni, nikatia sukari, ndiyo hiyo iliyokuwa mezani siku zote hizi, nyinyi nyote mmetia sukari yake kwenye chai. Alhamisi nilikuta kikaratasi kimenasa kwenye tundu la sinki, nikakisoma, nikakaa sakafuni. Kikaratasi hiki hapa, kichukue, buibui sina.

Wifi, jina lako lilikuwa liandikwe vitabuni, nami nimelimwaga na maji machafu, nisamehe ukiweza, na usipoweza nitaelewa.

Kaka Zedekiah, pumzika kwa amani, ijapokuwa sehemu ya amani hiyo nimekunyima mimi.