Ministre Anataka Kupanda Camion ya Aru

Kwa banc ya Mama Hortense, muuza kahawa, siye wazee tunaketi kila asubui, tunakunywa, tunasema watu. Leo tulisema mwenye aliketi katikati yetu: Muzee Evariste, tunamuita Ministre juu ya kofia yake ya wakubwa. Siku ya dimanche iliyopita mutoto wake Caleb alicheza rugby ya treize, ile ya watu kumi na tatu kila upande. Wanaume wanne wakamuangusha. Ministre na fimbo yake akaingia mu terrain ya mchezo, mbio, kumuokoa! Arbitre akapiga filimbi, équipe ya Caleb ikapoteza juu yake. Leo camion inawapeleka Aru kucheza tena, na vijana wamekataa Ministre asipande. Naye anataka kupanda, anakaribia kulia.

– Mutoto yangu iko chini ya watu wanne, akasema. Weye ungeketi?

– Mi ningekimbia, nikamujibu. Lakini kwenda nyumbani.

– Mucheke, Ministre akasema. Nilifika na fimbo juu, nikakuta wamekwisha kumuachilia. Wanangoja asimame! Caleb akasukuma mupira nyuma na muguu, mchezo ikaendelea mpaka filimbi ile. Tangu nizaliwe, sijaona watu wanaangusha mutu, kisha wanamungoja.

Hortense akaacha kumimina kahawa.

– Na wakikuangusha mara sita, unawapa mupira, akasema Katsuva, mwenye tunamuita Douane, ni kusema forodha, juu ya biashara yake ya mpakani kule Aru.

– Bila kupigana? Hortense akauliza.

– Bila.

– Yesu wangu!

– Hii mchezo itajaa Ituri yote, Douane akasema. Mwaka kesho Marabo watakuwa nayo, Bule watakuwa nayo.

– Bule watashinda wote, Hortense akasema. Kijana wa kule anapandisha gunia ya viazi mulima muzima. Utamuangusha na nini?

– Wazungu watakuja na ndege kuangalia! Douane akasema.

– Ndege moja? Tano! Na uwanja ya ndege haitaenea!

– Mi naona mbali kuliko nyinyi, nikasema. Itaingia mu mahari. Baba ya binti atamuangusha mukwe mara sita. Akisimama ya sita, achukue bibi.

– Na ng'ombe? Douane akauliza.

– Ng'ombe atatoa tu! Nani alisema juu ya kupunguza?

Tukacheka mpaka banc ikatikisika. Ministre hakucheka.

– Mara zote alisimama, akasema polepole. Ile mutoto mi nalisha, sikujua iko na nguvu vile. Wanipakize ata juu ya mizigo.

Pale njo Michée akatokea, kijana mwenye anafundisha équipe. Hajaketi kwetu ata siku moja.

– Jambo wazee. Baba Caleb, camion iko tayari. Vijana wamenituma niulize kitu moja.

– Uliza, mwanangu, uliza!

– Kule Aru, wakimuangusha Caleb, utabakia umeketi? Ukisema ndiyo, upande.

Ministre akashika fimbo yake. Akatuangalia. Douane akaangalia viatu vyake. Camion ikapiga honi, ikapiga tena, na Ministre iko anatafuta jibu yenye haina uongo.