Mama Itarudi Anakabidhi Funguo za Stoo

Ijumaa hii, tarehe thelathini Juni, saa tisa na nusu alasiri, Mama Itarudi atakabidhi funguo saba za stoo na kustaafu rasmi, baada ya miaka thelathini na mmoja katika makumbusho yetu: mitatu ya kujitolea na ishirini na minane ya ajira. Kamati ya sherehe imeniomba mimi, mtunza orodha, niandike wasifu wake kwa lugha ya uchangamfu. Nimekubali. Lakini nimefanya kazi chumba kimoja na mama huyu kwa miaka kumi na miwili, kwa hiyo uchangamfu wenyewe itabidi mnivumilie.

Hakuja hapa kuomba kazi. Alikuja kugomba. Makumbusho yalikuwa ndiyo kwanza yamefunguliwa katika jengo hili la posta ya zamani, na katika chumba cha kwanza, nyuma ya kioo, palikuwa na kitu cha sufu kilichoandikwa "Kofia ya mtoto mchanga". Mama alisimama mbele ya kioo akauliza kwa sauti, wageni wote wakisikia, ni mtoto gani huyo mwenye sikio moja kubwa na jingine dogo. Ile ilikuwa nguo ya birika la chai: tundu moja la mdomo, jingine la mkono. Mkuu wa wakati ule, ili amwondoe, alimwambia arudi kesho. Akarudi kesho kweli, na kitambaa chake cha kufutia vumbi mkononi, na hakuondoka tena.

Sifa zake nazitaja kwanza, maana nikianza na yale mengine sitazifikia. Hakuna anayejua vitu vyetu kama yeye. Huweka sikio kwenye kinu akasikia mchwa wakila, wakati sisi wengine tunaona mbao nzima. Hushonea namba kwenye nguo za kale kwa uzi usioacha alama. Mwaka ule bomba la maji lilipopasuka, sisi tukikimbizana na ndoo, yeye alibeba picha mia tatu na kumi hadi kwake, akazianika kwa vibanio kwenye kamba sebuleni, akawapangia mashemeji zake zamu za kuzipepea kwa magazeti usiku na mchana. Haikuharibika hata moja. Shemeji mmoja hadi leo akifika mlangoni petu huvuka barabara.

Watu wa kujitolea wote waliopita hapa amewafunza yeye. Yupo mwalimu mstaafu wa siku za Jumanne, ambaye huwaeleza wageni habari za kengele ya shule kwa saa nzima, wageni wakibadilisha mguu wa kusimamia. Yupo pia mtu wa posta, aliyestaafu kisha akarudi kujitolea katika jengo lake lile lile, na ambaye hadi leo hupanga kadi zetu kwa mitaa badala ya namba, nimsemeshe nisimsemeshe. Mama huwapa kila mmoja kazi anayoiweza, huwapikia chai ya saa nne, na wakikosea huwaonyesha tena bila kukunja uso. Uso nakunja mimi.

Sasa yale mengine. Mama huyu huazimisha vitu vya makumbusho. Naomba msomaji arudie sentensi hiyo polepole. Vitu ambavyo watu walivileta vitunzwe, tukavisafisha, tukavipa namba na kuviweka rafuni, yeye huvitoa kwa mlango wa nyuma na kuwapa wale wale waliovileta, au watoto wao, au jirani yeyote aliyepatwa na shida. Kisha pale palipokuwa na kitu huacha kadi yenye mwandiko wake mzuri wa mviringo: "Imetoka kidogo. Itarudi." Ndipo alipopatia jina.

Jumanne moja mwalimu alifika mbele ya kengele na wanafunzi arobaini, akakuta kadi. Kengele ilikuwa imekwenda shule ya msingi ya jirani. Yao ilikuwa imeibwa, na watoto walikuwa kwenye mtihani. Masikini mwalimu, aliieleza kengele hewa kwa mikono mitupu kwa saa ile ile nzima, na mwisho akailiza kwa mdomo. Umeme ulipokatika siku tatu mfululizo, pasi zetu zote tatu za mkaa zilitoka kwenda kunyoosha nguo za watu za kazini. Zilirudi na majivu ndani, na moja ina kipande cha mkono wa shati la mtu kimegandia chini. Nilipiga kelele siku hiyo, sifichi. Mama aliniambia, "Ni vyao, baba. Walituachia tu," akaenda zake kuchemsha chai.

Nikaona dawa ni fomu. Nilitunga Fomu ya Kuazima Kitu, nakala nne, yenye nafasi ya jina la mwazimaji, sababu na tarehe ya kurudisha. Nilimpa fomu mia mbili. Baada ya mwezi nilizikuta stoo zimefungia vikombe vya udongo, na Mama akanishukuru, karatasi ni nzito, vikombe havigongani tena.

Haya yote ningeyameza kama si makabidhiano. Kanuni yetu inasema mtunza stoo hastaafu mpaka mtunza orodha asaini kwamba ameviona vitu vyote kwa macho yake, kimoja kimoja. Vyetu ni elfu moja mia sita na kumi na vinne. Bila saini yangu faili lake halitoki mezani na yeye hatoki kazini. Na kwa mara ya kwanza tangu nimjue, Mama ana haraka. Binti yake wa pekee, anayekaa mwendo wa siku nzima kutoka hapa, anatarajia kujifungua mapacha wiki ijayo. Likizo zake Mama alikwishazimaliza mwanzoni mwa mwaka, binti huyo huyo alipolazwa. Tiketi ya basi la Jumamosi asubuhi aliibandika ukutani juu ya meza yake, kila anayeingia aione. Nikisaini uongo, kazi sina. Nisiposaini, wajukuu wanazaliwa bibi yao yuko hapa ananipikia mimi chai.

Mei nilihesabu. Vilikosekana arobaini na kimoja. Nilikaa chini. Mama hakushtuka hata kidogo. Alivuta mkokoteni, akamwita mtu wa posta, wakaanza kupita mtaa kwa mtaa bila karatasi yoyote, kila nyumba anayo kichwani. Kengele ikarudi. Mizani ya duka ikarudi, na muuza duka akija nyuma kutetea kwamba haijawahi kumpunja mtu. Kitanda cha mtoto kilirudi na mtoto mwenyewe yumo, amelala, mama yake anaandama mkokoteni akiomba wiki mbili zaidi. Mama alikuwa tayari anageuza mkokoteni. Nilisimama mlangoni na kalamu yangu.

Kufika Jumatatu ya wiki hii kilibaki kimoja: namba 872, cherehani ya mkono, nyeusi, maua ya dhahabu yamefutika ubavuni. Na hapa lazima nikiri. Cherehani hiyo ina kifuniko chake cha mbao, na kila mwaka mimi hukiona kifuniko rafuni nikaweka tiki. Safari hii, kwa kuwa ni makabidhiano, nilikifunua. Chini yake palikuwa na kadi ya Mama, wino umefifia, tarehe ya miaka saba iliyopita. Miaka saba nimekuwa nikihesabu kifuniko!

Iliniuma zaidi kwa sababu cherehani ile niliileta mimi. Ilikuwa ya mama yangu mzazi. Mwaka alipohamia kwangu niliona chumba chake kidogo, nikaibeba, nikaileta hapa, nikaandika mwenyewe kwenye orodha: "Zawadi ya familia ya mtunza orodha". Kila mgeni aliyefika nilimwonyesha, mwanzoni.

Nilimwuliza Mama nani anayo. Akasema anajua ilipo. Nikasema basi twende sasa hivi. Akasema haiwezekani, alimwahidi mtu kwamba hatamtaja. Nilimkumbusha binti, nikamkumbusha mapacha, nikaionyesha tiketi kwa kidole. Kisha nilisema maneno ambayo jengo zima liliyasikia na ambayo siwezi kuyarudia kwenye kijitabu cha sherehe. Mama aliketi, akafikiri. "Basi usisaini, baba," akasema. "Nitampigia mwanangu nimwambie asinitegemee." Akaibandua tiketi ukutani taratibu, asiichane, akaitia mkobani.

Jana, Jumatano, jioni, nilikuwa mezani nyumbani nikilalamika, kama ilivyo desturi yangu, safari hii kuhusu mtu fulani asiye na haya aliyekalia cherehani ya watu miaka saba na sasa anamzuia mama wa watu asiende kwa mwanawe. Mke wangu alitazama sahani yake. Mama yangu aliweka kijiko chini, akainuka, akaniita chumbani.

Ilikuwa chini ya kitanda, imefunikwa shuka. Imetiwa mafuta, inang'aa, uzi ungali kwenye sindano, na chini ya sindano lipo shati langu jeupe la sherehe hii, kola nusu imegeuzwa, upande uliochakaa ukienda ndani. Nyumba nzima ilijua isipokuwa mimi. Mtu wa posta ndiye aliyeileta kwa baiskeli yake, mimi nikiwa kazini naweka tiki. Sare za wanangu, mapazia ya sebuleni, kola zangu zote nilizokuwa nikimsifia fundi wa mtaa wa pili, zote zimepita hapo. Huyo fundi wa mtaa wa pili hayupo.

Mama yangu hakunigombeza. Ningefurahi kama angenigombeza. "Uliichukua nilipokwenda kumuuguza dada yangu," alisema. "Hukuniuliza."

Alipokuja kuiulizia makumbusho, miaka saba iliyopita, aliona aibu hata kuingia ndani. Alisimama kwenye kaunta ya zamani ya stempu, pale mlangoni, na kusema anataka kuigusa tu mara moja. Mama Itarudi alimpa kiti, akaitoa cherehani, akaiweka mbele yake, akaenda kupika chai ili asimsimamie. Aliporudi alimkuta amekwisha kushona kipande kizima cha kitambaa cha kufutia vumbi. Siku ya pili cherehani ikatoka. Sharti la mama yangu lilikuwa moja, kwamba mimi nisiambiwe, nisije nikajisikia vibaya. Na kwa sharti hilo Mama Itarudi alikuwa tayari kulikosa basi lake.

Leo asubuhi, Alhamisi, nilimfuata stoo kumwomba radhi. Alikuwa juu ya ngazi. Alinisikiliza hadi mwisho, akaniambia nimshikie ndoo.

Nimesaini. Nimeviona vitu vyote elfu moja mia sita na kumi na vinne kwa macho yangu, na hilo ni kweli tupu. Nimejaza pia Fomu ya Kuazima Kitu, nakala nne, ya kwanza kujazwa tangu nizitunge. Ilibidi nimwombe Mama afungue kikombe kimoja. Jina la mwazimaji ni la mama yangu. Sababu: "Ni yake." Tarehe ya kurudisha nimeiacha wazi.

Kwa niaba ya wafanyakazi, mwalimu, mtu wa posta na wote wanaojitolea hapa, asante, Mama, kwa miaka thelathini na mmoja ya kutunza vitu vya watu na kutuchosha akili. Rudisha tiketi ukutani hadi kesho jioni, tuione. Basi la Jumamosi likufikishe salama, mapacha wakupokee kwa kelele nyingi, na mapumziko yako yawe marefu, yenye afya na chai ambayo safari hii atakupikia mtu mwingine. Funguo utanikabidhi mimi. Nitakuwa nimevaa shati jeupe. Kabla hujaniachia ule wa saba, itazame vizuri kola.