Jani la Kupeleka Sinza

Kwenye basi la kwenda Dar, mzee mmoja wa Mwika alimuuliza kijana aliyeketi naye Sinza kukoje.

"Babu, Sinza ni kuku choma na muziki mpaka asubuhi. Usisalimie kila mtu, utachoka! Na hilo jani mkononi?"

"Isale hili, jani letu Wachagga la kuombea msamaha. Nampelekea binti yangu Mektrida. Nilisusa harusi yake."

"Sinza watu wanapeleka keki, babu!"

"Mchagga asamehe kwa keki?"

Abiria wa karibu tulicheka, hata mimi ninayeona aibu kucheka mbele za watu. Wakabishana mpaka Same. Nilipokuwa nashuka hapo, kijana alikuwa bado anaitetea keki yake, huku akilinyunyizia lile jani maji ya chupa yake lisinyauke njiani.